Kabla mtoto hajapanda chopa, mzazi aangalie masikio

Mtoto wa Kalenga akisikia ngurumo ya chopa haulizi inatoka wapi, anaikimbilia. Tangu Freeman Mbowe alipozunguka nchi kwa helikopta katika kampeni za urais mwaka 2005, watu wamezoea kuiona ikitua kwenye viwanja vya mpira.

Wapo pia wazazi wanaojipanga kuipanda. Likizo ikifika, familia inakwenda Moshi, Arusha hata Nairobi, inalipia safari fupi ya kuangalia mji na mashamba kutoka juu. Ni starehe nzuri, ila ni ghali, na hapo ndipo mtego ulipo. Mtoto ameamka na mafua, pesa imeshalipwa, baba anasema ni dakika chache tu.

Dakika hizo chache zinatosha kumuumiza. Sikio la kati limeunganishwa na koo kwa mrija mdogo unaosawazisha hewa. Kwa mtoto mrija huo ni mwembamba na umelala zaidi kuliko wa mtu mzima, hivyo mafua huuziba haraka. Helikopta hairuki juu kama ndege kubwa, lakini nyingi hazina mtambo wa kudhibiti msukumo wa hewa ndani. Inaposhuka, kiwambo cha sikio huvutwa kwa ndani, na mtoto hulia.

Mwenye mafua makali au sikio linalouma abaki chini, hata kama pesa hairudi. Mzima apewe cha kumeza wakati wa kushuka: mchanga anyonye, mkubwa anywe maji kidogo kidogo. Asiachwe alale. Mwenye selimundu, daktari wake aulizwe kwanza.

Halafu kuna kelele, ambayo ndani ya helikopta mara nyingi hupita desibeli 90. Hedifoni za watu wazima humpwaya mtoto na kelele hupenya pembeni, kwa hiyo mzazi aulize za saizi ya mtoto kabla ya kulipa. Pamba haisaidii kitu. Na maumivu yakibaki hadi kesho yake, au sikio likitoa usaha au damu, ni hospitali. Mafuta ya moto wanayoshauri majirani yasiguse sikio hilo.

Watoto wengi wa Kalenga, hata hivyo, watakutana na chopa wakiwa chini, kwenye mkutano, na hatari kubwa iko huko. Pangaboi la mkiani huzunguka kwa kasi kiasi kwamba macho hayalioni, na upepo wa lile la juu hurusha mchanga, mawe, hata mabati. Mtoto ashikwe mkono, asimame mbali akiipa mgongo inapotua, na asisogee mpaka mapangaboi yote yasimame kabisa. Wakati huo rubani atakuwa bado yupo, na picha itapigwa tu.