Makumbusho Hayapimwi kwa Pishi

Kila kitu kina kipimo chake. Mchele hupimwa kwa pishi, kitambaa kwa wari, dhahabu kwa mizani. Apimaye kitambaa kwa pishi hapati jibu, hata akirudia mara mia. Lakini hivyo ndivyo tunavyoyahukumu makumbusho yetu: tunahesabu tiketi zilizokatwa na fedha zilizokusanywa, kisha tunatangaza kwamba haya yamefaulu na yale yameshindwa. Kipimo hicho ni cha mchuuzi, si cha taifa.

Tuitazame historia. Makumbusho ya Dar es Salaam yalifunguliwa mwaka 1940 kuwa kumbukumbu ya Mfalme George wa Tano wa Uingereza. Hata kama yangejaa watu kila siku, wingi huo ungethibitisha nini, ila kwamba Mwafrika amefundishwa kumkumbuka mfalme wa wengine? Baada ya Uhuru, kazi haikuwa kuongeza wageni tu, bali kubadili kinachokumbukwa. Ndipo mwaka 1967 kikafunguliwa Kijiji cha Makumbusho, chenye nyumba za makabila mbalimbali, zilizojengwa kwa miti, udongo na nyasi.

Nyumba hizo zina somo. Nyasi huoza na mchwa hula miti, hivyo lazima ziezekwe upya. Siku mzee anapomwonyesha kijana namna ya kuezeka msonge, ujuzi umevuka kizazi. Lakini siku hiyo hakuna tiketi iliyokatwa, na daftari laandika gharama. Daftari linaiita hasara kazi yenyewe!

Huko Songea, Makumbusho ya Majimaji yalianzishwa mwaka 1980 mahali walipozikwa mashujaa walionyongwa na Wajerumani mwaka 1906. Mjukuu afikaye hapo kumwomboleza babu yake, je, tumwite mteja?

Wako watakaosema kwamba fedha hizi ni jasho la wananchi, na lazima zitolewe hesabu. Twakubali. Hatuutetei uzembe; makumbusho yaliyojaa vumbi yastahili lawama hata yakifurika watalii. Tunachodai ni hesabu iliyo ya kweli. Ni vifaa vingapi vimeandikiwa jina la fundi, mahali vilipotoka na matumizi yake? Ni vingapi vimeliwa na wadudu mwaka huu? Je, maelezo yake yanasomeka kwa lugha ya wenye vitu hivyo? Wazee wangapi wameitwa kuyasahihisha? Watoto waliozuru wamerudi nyumbani na swali gani la kuwauliza bibi zao? Maswali haya yanajibika, nayo ni magumu kuliko kuhesabu vishina vya tiketi.

Asiyeridhika na atazame Berlin. Huko yamesimamishwa mifupa ya dinosaria iliyochimbwa Tendaguru, mkoani Lindi, kati ya mwaka 1909 na 1913, na umati huja kuitazama. Kwa kipimo cha tiketi, mifupa hiyo iko mahali pake hasa, nasi hatuna neno la kusema. Taifa likikubali kipimo hicho, limekwisha kushindwa kesi yake kabla ya kuifungua.

Kwa hiyo hatuna budi kuiweka pishi kando, tuulize kwanza makumbusho yanamkumbusha nani, na jambo gani.