Mteja Hafuati Kiti

Wasee, saluni kibao Nairobi haziruhusu msusi kumpa mteja namba. Bosi anaogopa mteja atasukwa Jumapili kwa nyumba na pesa imruke. Namwelewa: kodi analipa yeye, stima pia. Na ukibeba nywele na mafuta ya saluni ukasukie kwako, huo ni wizi, tusidanganyane.

Lakini mteja hafuati kiti, anafuata mkono. Ficha namba, atamtafuta TikTok. Halafu wasusi wengi hawana mshahara, ni komisheni tu. Siku kavu mtu anarudi mtaani bila hata nauli (mimi hapo ningepeana namba mchana kweupe). Sasa bosi, mteja akirudi akimuulizia msusi kwa jina, mwongezee asilimia. Na Jumapili yake, kwa nywele alizonunua mwenyewe, ni yake. Mwandikiane hivyo siku ya kwanza ya kazi.