Ziwa Kivu: moteri ikizima, tuache kusingizia baridi

"Moteri imezima juu ya baridi." Maneno haya nimeyasikia Kituku, Minova, Kalehe na Idjwi mara nyingi mpaka yamekuwa kama salamu ya bandarini. Boti imechelewa saa tano: ni baridi. Boti imelala ziwani usiku kucha: ni baridi na upepo. Watu wamezama: ziwa limekula watu wake, Mungu amependa. Mwenye boti anatoa pole, piloti anaonyesha mawingu kwa kidole, na kesho yake moteri ileile, na buji zilezile, inabeba watu wengine.

Mimi nasema hapana. Baridi ya Kivu haiwezi kuua moteri iliyotunzwa. Asubuhi zetu za baridi kali, baada ya mvua ya usiku au katika kiangazi cha mwezi wa sita na wa saba, hewa inashuka karibu nyuzi 15. Huko Norwe na Kanada wavuvi wanaendesha moteri za namna hiihii mahali ambapo maji yanakaribia kuwa barafu, na wanarudi nyumbani. Kama baridi ndiyo ingekuwa muuaji, huko kusingebaki mvuvi hata mmoja.

Nieleze kilichonifanya niandike. Asubuhi moja ya mwezi wa kumi na moja nilipanda boti ya mbao kutoka Idjwi Kaskazini kwenda Goma. Tulikuwa watu zaidi ya ishirini, pamoja na mananasi, ndizi na magunia ya kahawa. Mvua ilikuwa imenyesha usiku mzima. Piloti alivuta kamba ya moteri kama mara kumi. Ilipokubali kuwaka hakuiachia hata dakika moja: alitia gia palepale na kufungua gesi yote. Tulipofika mbali na kisiwa ikaanza kukohoa, kisha ikazima.

Boti isiyo na moteri haikai vile ilivyokuwa inaelekea. Yetu iligeuka, ikawapa mawimbi ubavu. Watu wakaanza kusimama na kukimbilia upande mmoja. Mama mmoja aliyebeba mtoto mgongoni alianza wimbo wa kanisa, wengine wakaitikia. Piloti alifungua buji: ilikuwa nyeusi na imelowa. Ya akiba hakuwa nayo. Kasia lilikuwa moja, nalo limepasuka. Muzee mmoja mvuvi ndiye aliyetuokoa. Alitukemea tukae chini, kisha akaomba wamwage esansi ya chini ya bidoni ndani ya chupa nyeupe ya maji. Tuliona kwa macho yetu: juu esansi, chini maji. Bidoni ile ilikuwa imelala nje kwenye mvua, na badala ya kifuniko walikuwa wameiziba kwa sashe.

Tulielea karibu saa mbili kabla moteri haijawaka tena. Tulipofika, mwenye boti aliniambia: "Ni baridi, papa. Nani anaweza kushindana na baridi?" Jibu langu ndilo hili.

Ni kweli kwamba baridi inaifanya moteri iwe nzito kuwaka. Esansi ikiwa baridi haigeuki mvuke haraka, na cheche ya buji inahitaji mvuke huo. Ni kweli pia kwamba Ziwa Kivu liko juu, mita karibu 1.460 kutoka usawa wa bahari. Hewa yetu ni nyepesi, na moteri ambayo karburateri yake imepangwa kwa ajili ya bahari inakula esansi nyingi kupita hewa inayopata. Ndiyo maana buji zinalowa na kuwa nyeusi. Lakini haya yote yanajulikana, na dawa yake inajulikana. Jambo linalojulikana na lenye dawa haliitwi ajali. Linaitwa uzembe.

Dawa yenyewe ni hii. Usiku bidoni ijazwe na ifungwe vizuri, kwa sababu bidoni iliyo nusu tupu inaingiza unyevu na unyevu huo unageuka maji. Asubuhi esansi ipimwe katika chupa inayoonyesha ndani, hasa ile ya kununua barabarani kwa Kadhafi. Maji ni mazito kuliko esansi, yanashuka chini, na bomba la moteri linavuta kutoka hukohuko chini. Mafuta ya moteri yapimwe, yasikadiriwe kwa jicho. Moteri nyingi za kuchanganya zinazotumika hapa zinaomba lita 1 ya mafuta kwa lita 50 za esansi, maana yake bidoni ya lita 20 inapata desilita 4. Ukipunguza, moteri inajiunguza. Ukizidisha, buji inaziba, na asubuhi ya baridi ndipo utakapojua.

Kisha kuwasha. Finya kile kibofu cha mpira kilicho kwenye bomba la esansi mpaka kiwe kigumu. Gia iwe katikati, elisi isizunguke. Vuta kitufe cha kuwashia wakati wa baridi, vuta kamba, na moteri ikishika rudisha kitufe polepole. Kukisahau nje ndiko kunakozamisha buji katika esansi. Halafu subiri dakika tatu mpaka tano kabla ya kufungua kamba ya ufukweni. Katika dakika hizo angalia kama moteri inakojoa: yale maji yanayotoka kwa nyuma ndiyo yanayoipooza. Isipokojoa, zima mara moja, kwa sababu sashe au mchanga wa ziwa letu umeziba njia, nayo itaungua hata kama hewa ni baridi namna gani.

Wenye boti wanajibu kwamba kusubiri kunakula esansi. Tufanye hesabu. Moteri ya nguvu 40 ikinguruma polepole kwa dakika tano haimalizi hata glasi moja ya esansi. Mtu anayepokea nauli ya watu ishirini na pesa ya magunia, kisha akatafuta faida katika glasi moja, hatafuti faida. Anacheza kamari, na anachoweka mezani ni mtoto wa mama aliye mgongoni. Buji mbili za akiba na ufunguo wake, makasia mawili mazima, ndoo na kamba ndefu: vyote pamoja havigharimu hata sehemu ndogo ya bei ya moteri.

Ndoo na kamba nimezitaja kwa sababu. Moteri ikizima, funga ndoo kwenye kamba, uitupe majini kutoka mbele ya boti. Itavuta, na pua ya boti itatazama mawimbi badala ya ubavu. Abiria wote wakae chini kabisa. Mara nyingi moteri iliyozima haiui mtu. Kinachoua ni ubavu uliogeuzwa kwa mawimbi, mizigo iliyopita kipimo na watu waliosimama kwa hofu. Na ile kamba nyekundu inayozima moteri, ambayo mapiloti wetu wanaifunga kwenye moteri yenyewe kama pambo, kazi yake ni kufungwa mkononi mwa piloti. Akianguka, moteri inazima. Isipofungwa, boti inaendelea bila mtu, au inazunguka na kumrudia na elisi.

Kuna mahali pamoja ambapo baridi inaua kweli, na hapo hakuna anayeitaja. Maji ya juu ya Ziwa Kivu yana nyuzi karibu 24. Ukinawa mkono yanapendeza. Lakini mwili wetu una nyuzi 37, na maji yanauondolea joto karibu mara 25 kuliko hewa. Mtu aliyeanguka na nguo zake anachoka, vidole vinakataa kushika, kisha anaachia. Hata anayejua kuogelea anaachia. Ndiyo maana jile si ya asiyejua kuogelea tu. Jile inakuweka juu ya maji saa ambayo mikono yako imekwisha kukataa.

Mambo haya tumeambiwa zamani. Mwezi wa nne 2019 boti ilizama upande wa Kalehe na watu karibu 150 wakatangazwa kutojulikana walipo. Rais Félix Tshisekedi akaagiza kila msafiri wa ziwani avae jile. Tarehe 3 mwezi wa kumi 2024 boti Merdi iliyotoka Minova ilipinduka karibu kabisa na bandari ya Kituku, mchana kweupe, watu wa ufukweni wakiitazama. Gavana wa Kivu ya Kusini alitaja abiria 278 na wafu 78. Vita ilikuwa imefunga barabara, raia wakakimbilia maji, na maji yakawapokea katika boti iliyojaa kupita kiasi. Siku ile nani angesingizia baridi?

Kwa wenye mamlaka ya bandari nasema wazi: kazi yenu si kuhesabu mizigo na kukata tiketi tu. Asubuhi, kabla boti haijatoka, simameni nyuma yake dakika tano. Ombeni kuona buji za akiba, makasia, chupa ya kupimia esansi, kamba nyekundu mkononi mwa piloti na jile kwa kila kichwa. Pasipokuwa na kimoja, boti isitoke. Na anayepokea kitu kidogo ili afunge macho, ajue kwamba jina lake limo katika hesabu ya wafu hata kama halikuandikwa.

Kwa mapiloti: ninyi ni ndugu zetu, na wengi wenu mnatumwa na mwenye boti aliyelala nyumbani. Lakini kamba ya moteri iko mkononi mwenu. Mkatalieni. Akitafuta piloti mwingine, naye amkatalie.

Na sisi abiria tuna lawama yetu. Sisi ndio tunaopiga kelele "twende, jua linatoka" wakati piloti anajaribu kupasha moteri. Sisi ndio tunaokalia jile kama mto kwa sababu inanuka samaki. Kesho asubuhi, kabla hujakanyaga boti, muulize piloti maswali mawili: buji ya akiba iko wapi, na moteri imewaka dakika ngapi? Akikujibu kwamba Mungu yupo, rudisha mguu wako ufukweni na udai nauli yako.