Umepata D? Usizime simu



Kila Januari matokeo ya KCSE yakitoka, wenye C+ wanapongezwa na picha zao zinazunguka kwa WhatsApp. Wengine wanazima simu. Kama uko Kiandutu ama Kihunguro na umezima yako, haya ni yako.

Mimi nilipata C-. Miezi minne nilikaa kijiweni nikiamini maisha yameisha. Hakuna aliyeniambia hiyo gredi inafungua diploma. Walionitafuta ni wengine: wa kubeti, wa bangi, na jamaa mmoja mwenye "kazi ya nje" asiyetaka maswali. Hao hujua ni lini uko peke yako.

Basi jua hivi. KUCCPS si ya digrii pekee. C- ni diploma. D ni cheti. Hata ukiwa na E, kuna kozi za ufundi: umeme, mabomba, kuchomelea. Thika Technical iko hapa hapa mjini.

Wanatuita "vijana walio hatarini", wanatupeleka semina ya siku moja hotelini: chai, sambusa, picha, kwaheri. Kesho yake bado huna kitambulisho, na bila hicho mambo ya HELB yanakwama. Wasomali na Wanubi kati yetu wanajua ule msasa wa vitambulisho ulivyowachelewesha. Februari 2025 Rais Ruto aliagiza msasa wa ziada kwa jamii za mipakani ukome. Ukizungushwa, dai haki yako.

Lakini tusidanganyane, masomo peke yake si kinga. Mmoja wa walioshambulia Chuo Kikuu cha Garissa tarehe 2 Aprili 2015, wakaua watu 148, alikuwa amesomea sheria Chuo Kikuu cha Nairobi. Kijana anaweza kuwa na shahada na bado awe hana mtu.

Kwa hivyo maandalizi ya chuo yasiwe fom tu. Misikiti yetu Thika na Ruiru ina nafasi na ina watu waliosoma. Jumamosi baada ya Alasiri, weka meza moja na kompyuta moja, mtu akae na wewe mpaka fom iishe. Halafu akupigie muhula wa kwanza, wa pili, akuulize umekula, umelipa karo, unaswali na nani.

Wewe uliye chuoni tayari, chukua kijana mmoja wa mtaa wako mwaka huu. Mmoja tu.

Na wewe uliyezima simu, iwashe. Njoo tuongee.