MWACHENI DADA WA WATU ALE, KILOMITA 160 HAZIENDESHWI KWA NJAA!

KUNA mwigizaji mmoja wa kike hapa Bongo, jina kapuni, ambaye kwa miezi miwili sasa amekuwa gumzo la mjini. Safari hii hajaibiwa bwana wala hajapigana na shosti wake kwenye sherehe. Ishu ni baiskeli.

Mrembo huyo, mwenye wafuasi kibao Instagram, alitangaza kwamba atashiriki msafara wa baiskeli wa maili 100, yaani karibu kilomita 161, kutoka Arusha hadi Moshi na kurudi Arusha siku hiyohiyo. Ni mara yake ya kwanza. Kabla ya hapo safari yake ndefu juu ya baiskeli ilikuwa ile ya kwenye tamthilia, tena inasemekana kuna kijana alikuwa anaisukuma kwa nyuma, kamera isimwone.

Kama kawaida ya mjini, watu hawakumwacha apumue. Dada ana mwili wake, kajaaliwa, na kila mtu anajua. Kuna waliouliza kama tairi zitahimili. Kuna waliomwonea huruma fundi. Kuna walioiaga baiskeli kabisa, apumzike kwa amani. Na wale wa kila siku wakasema kiki tu hiyo, subirini tamthilia mpya inakuja.

Sasa hapo ndipo na yeye alipoteleza. Badala ya kuwanyamazia akaendelea na mazoezi yake, akaingia kwenye mtego. Akaahidi hadharani kwamba siku ya msafara atafika Arusha akiwa amepungua kilo 15. Toka siku ile mashabiki wakaacha kuhesabu kilomita, wakaanza kuhesabu kilo. Kila Jumatatu picha ya mzani. Akishuka kilo mbili, makofi. Asiposhuka, matusi.

Hakuna aliyemuuliza swali moja dogo tu: dada, safari ya mchana kutwa unajiandaa nayo vipi wakati huli?

KILICHOTOKEA MAPINGA

Jibu lilikuja lenyewe wiki tatu zilizopita, pale klipu fupi ilipovuja. Mrembo amekaa chini kando ya barabara, Mapinga, baiskeli imelala kwenye majani, jasho linamtiririka na mikono inatetemeka mpaka anashindwa kushika chupa ya soda. Mama muuza mihogo ndiye aliyemshikia, akawa anamnywesha kama mtoto.

Ndani ya saa moja mji mzima ulikuwa na majibu. Kalewa. Ana mimba ya yule bwana. Karogwa na mwenzake wa kwenye tamthilia. Yani watu walijua kila kitu, isipokuwa kilichotokea.

Kumbe hamna cha pombe wala cha uchawi. Kwa mujibu wa mtu wake wa karibu, usiku wa kuamkia siku ile alikula tango na yai moja. Saa 11 alfajiri akanywa kahawa isiyo na sukari, akatoka Tegeta na wenzake kuelekea Bagamoyo na kurudi, safari ya zaidi ya kilomita 80. Mfukoni alikuwa na simu na lipshaini, basi. Kwenda alikuwa wa moto, hadi akawapita wanaume wawili. Kurudi, gari likazima.

Mambo haya yanaeleweka bila hata kuwa daktari. Mwili unaweka akiba ya sukari kwenye misuli na kwenye ini. Mtu aliyekula vizuri akikanyaga pedeli kwa nguvu, akiba hiyo inamtosha kama saa moja na nusu hadi mbili hivi. Baada ya hapo, kama haongezi kitu mdomoni, inakata. Na ubongo nao unaitegemea sukari hiyohiyo, ndiyo maana mtu anaona kizunguzungu, jasho la baridi, mikono inatetemeka, hasira zisizo na sababu, miguu inagoma. Huyu dada wa watu aliondoka nyumbani tenki likiwa nusu.

Na iliangukia barabara ya Bagamoyo, kwenye malori na daladala. Mtu mwenye kizunguzungu akiyumba sekunde mbili tu pale, mji ungekuwa unaongelea habari nyingine kabisa, na wale waliocheka wangekuwa wanabandika mishumaa. Huo ndio ukweli ambao hakuna aliyetaka kuuandika chini ya ile klipu.

TUPIGE HESABU KIDOGO

Kilomita 160 kwa mwendo wa kilomita 20 kwa saa, ambao ni mwendo mzuri tu kwa anayeanza, ni saa 8 juu ya kiti. Hapo hujaweka kusimama, kujaza maji, pancha wala kwenda haja. Weka na hivyo, inakaribia saa 10.

Ushauri unaotolewa kwa waendesha baiskeli wa safari ndefu ni kula wanga gramu 30 hadi 60 kila saa. Ndizi mbivu moja ya wastani ina kama gramu 25. Kwa hiyo kwa saa 8, kile kiwango cha chini kabisa ni kama ndizi 10. Kumi! Na hapo ni nje ya chai ya asubuhi. Mtu aliyezoea kushinda na tango, tumbo lake litazipokea wapi hizo siku moja ghafla? Litazikataa, atatapika njiani, watu watasema tena ni mimba.

Ndiyo maana kula nako ni mazoezi. Unajifunza mapema tumbo lako linapenda nini ukiwa umeinama na unahema. Kuna wanaoenda na tende, kuna wa kiazi kitamu cha kuchemsha, kuna wa chapati iliyokunjwa, kuna wa kashata. Hakuna lazima ya kununua yale mapaketi ya bei mbaya kutoka nje. Unakula kidogo kidogo kabla njaa haijauma, na unakunywa kabla ya kiu kali. Na isiwe maji matupu kutwa nzima, jasho linatoka na chumvi, lazima irudi.

Halafu kuna njia yenyewe. Watu wa Dar wanaiona Arusha na Moshi kwenye ramani, kilomita 80 tu kati yao, wanajua mteremko. Ni kweli, kwenda ni mteremko kwa ujumla. Arusha iko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari na Moshi iko chini yake kwa mamia ya mita. Lakini msafara huu unarudi! Unapita Boma Ng'ombe jua la saa sita likiwa utosini, unaiacha njia ya KIA, unaanza kupanda Kikatiti, Maji ya Chai, Usa River, mpaka Tengeru. Mteremko wa asubuhi ulikuwa mkopo, mchana unalipa na riba. Na unalipa pale ambapo miguu tayari ina kilomita zaidi ya 100. Ukifika hapo na njaa, hata uwe na baiskeli ya milioni ngapi, utaisukuma kwa mkono.

MBONA MWENZAKE HAGUSWI?

Kuna mchekeshaji mmoja wa kiume naye katangaza kwenda kwenye msafara huohuo. Mwembamba, kajazia kidogo kifuani, kanunua baiskeli ya gharama na nguo za kubana rangi ya chungwa. Wajuzi wanasema hajawahi kuvuka kilomita 30, na picha zake zote ni za pale pale Mbezi Beach, anabadilisha soksi tu. Hajui kuziba pancha. Lakini komenti zake ni moto, mfalme, baba lao.

Yeye hakuna anayemuuliza uzito. Dada ameshaenda Bagamoyo na kurudi, ameshapanda vilima vya Pugu hadi Kisarawe kwa sababu alijua Dar ni tambarare na kule kuna milima, ameshajifunza kutoa tyubu na kuweka nyingine mwenyewe. Bado ni bonge tu. Kwa hiyo kinachohukumiwa hapa si maandalizi, ni umbo. Watu waseme ukweli wao.

Wapo watakaosema kupungua uzito kunasaidia kwenye mlima. Sawa, hilo halina ubishi, mzigo mwepesi unapanda kirahisi. Ila kupungua kuna wakati wake. Mtu anapungua taratibu, miezi mingi kabla, kwa mpangilio, na anakula vizuri siku za safari ndefu. Kujinyima usiku wa kuamkia kilomita 80 si kupungua, ni kujitafutia ajali.

Na wapo watakaosema kajitakia, staa akipost lazima asemwe. Haya, asemwe. Asemwe kama hajavaa helmeti, asemwe kama anaendesha na earphone masikioni, asemwe kama anakata kona bila kunyoosha mkono. Hayo yanaua. Kiuno chake hakijamuua mtu.

WADOGO WANAANGALIA

Kinachoogopesha zaidi ni hawa mabinti wanaomfuata. Pitia zile picha za mzani, utakuta mamia ya wasichana wa sekondari na vyuo wanaomba hiyo dayati ya tango na yai. Hawaombi ratiba ya mazoezi, hawaombi jina la fundi. Wanaomba njaa.

Mwaka 2014 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilitoa tamko kuhusu wanamichezo wanaokula kidogo kuliko nguvu wanazotumia. Yaliyotajwa humo si madogo: hedhi kuvurugika au kukata kabisa, mifupa kudhoofu, kinga ya mwili kushuka. Na si wanawake tu, wanaume nao wamo. Hao wanaozungumziwa ni watu wenye makocha na madaktari. Sasa fikiria binti wa miaka 17 wa Mbagala aliyejifunza kwenye simu.

Habari njema ni kwamba toka Mapinga, mrembo kabadilika. Mzani umepotea ukurasani. Wiki iliyopita aliweka picha ya sahani ya wali maharage usiku kabla ya safari, na asubuhi yake mifuko ya mgongoni imevimba ndizi. Akaenda kilomita 90 akarudi anacheka, tena inasemekana alisimama Mapinga kwa makusudi, akamnunulia yule mama wa mihogo sinia zima.

Komenti? Eti amekata tamaa, anakula tena. Hapana jamani. Hapo ndipo alipoanza kujiandaa kweli. Zimebaki wiki tano. Akiongeza kama kilomita 10 kila wiki atafika 120, na hiyo inatosha, hakuna ulazima wa kumaliza zote 160 kwenye mazoezi. Siku kumi za mwisho apunguze, alale, ale, mnyororo upakwe mafuta, breki ziangaliwe na fundi anayejua kazi yake. Asijaribu kiti kipya wala kaptula mpya siku ya safari, atajuta kabla ya kufika Usa River.

Kilo 15 hazitatimia, hilo liko wazi, na kuna watu tayari wameandaa maneno ya kumchamba. Inabidi na yeye akaze moyo, aifute ile ahadi hadharani kama alivyoitoa hadharani. Aseme tu: niliahidi kitu kibaya, sasa naahidi kilomita. Itamuuma siku mbili, mjini watapata jambo lingine. Lakini wale mabinti watakuwa wamesikia.

Siku hiyo ikifika, usiangalie tumbo lake limeingia ndani kiasi gani. Angalia akipita Boma Ng'ombe kwenye kurudi, kilomita zaidi ya 100 zikiwa mguuni, kama bado ana kitu mfukoni cha kula. Akiwa nacho, anafika.

Haya wadau, uwanja ni wenu. Dada aifute ahadi ya kilo 15 au aishikilie hivyohivyo? Dondosha maoni yako hapo chini, ila kabla hujamwita mtu bonge, kwanza kaendeshe baiskeli mpaka Mapinga urudi.