Taa ya Kijani Inayodanganya

Leo nina neno na mafundi wanaofunga mifumo ya milango ya kadi, na zaidi na wakubwa wanaowalipa. Kile kitaa kidogo kwenye kisomaji cha kadi si pambo. Kikiwaka kijani, kinamwambia mtu "pita". Kama mtu huyo hawezi kupita, umeweka mlangoni mashine ya kudanganya watu.

Kwa asiyejua mambo ya ndani, kisomaji hakiamui lolote. Kazi yake ni kusoma namba ya kadi na kuituma kwa kidhibiti, lile sanduku lililofichwa katika chumba cha nyaya. Kidhibiti ndicho chenye orodha ya wanaoruhusiwa, na ndicho kinachoamuru kufuli lifunguke. Katika mfumo mkongwe uitwao Wiegand, namba husafiri kwa nyaya mbili, D0 na D1, kwenda upande mmoja tu. Muundo wake maarufu una biti 26: 8 za msimbo wa jengo, 16 za namba ya kadi na 2 za kukagua makosa. Jibu halirudi kwa nyaya hizo. Linarudi kwa waya wa taa, ambao kwa kawaida kidhibiti huushusha hadi volti sifuri ili rangi ibadilike.

Sasa uozo uko hapa. Visomaji vingi vya aina hii hutoka kiwandani vikiwa vimepangwa kukaa na taa nyekundu, kisha kadi ikisomwa, kisomaji chenyewe kinawasha kijani kidogo na kulia "pii!". Hakijasubiri uamuzi wa kidhibiti. Kadi ya mtu aliyeachishwa kazi mwaka jana itawaka kijani vilevile. Kwa mtengenezaji, kijani hicho maana yake ni "nimeisoma kadi". Lakini nani kati ya wanaosimama mlangoni anajua hivyo?

Na waya wa taa? Kebo inayotumika sana ina nyuzi sita: chanya, hasi, D0, D1, taa na mlio. Kwa hiyo mara nyingi waya huo umo ukutani tayari, na umelipiwa. Fundi wa kulipua kazi anaukata, anauzungushia tepu, anafungua mlango mara moja mbele ya meneja, anapata saini, huyoo!

Mtaniuliza, "Mlango si unafunguka? Shida iko wapi?" Shida ni kwamba anayeumia si fundi wala meneja. Chukua mfanyakazi mpya wa usafi, saa kumi na moja alfajiri, ambaye kadi yake haijaingizwa kwenye orodha. Anaigusisha, kijani kinawaka, anavuta mlango. Haufunguki. Anajaribu tena, kijani tena, anavuta kwa nguvu. Mlinzi anaona mtu anavunja mlango. Asubuhi meneja anafungua kumbukumbu za tarakilishi na kusoma: "amekataliwa" mara mbili. Yule mfanyakazi anaapa kwamba taa iliwaka kijani. Nani ataaminiwa? Aliyesema kweli ndiye atakayeonekana mwongo, kwa sababu ya waya mmoja.

Kinyume chake pia ni hatari. Mlango umepangwa kubaki wazi kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, lakini taa imebaki nyekundu. Mlinzi anapita, anaona nyekundu, anaandika kwenye daftari: umefungwa. Watu wakishazoea taa isiyo na maana hawaiangalii tena, na siku ikisema kweli hakuna atakayejali.

Dawa ipo na si ya gharama kubwa. Kwenye Wiegand, unganisha waya wa taa na kidhibiti. Halafu, na hapa ndipo wengi husahau, zima ule mwako wa kisomaji chenyewe, ili kijani kiamuliwe na kidhibiti peke yake. Kutegemea aina ya kisomaji, hilo hufanywa kwa kadi maalumu ya mipangilio, kwa programu ya simu, au kwa kuagiza kisomaji kilichopangwa hivyo tangu mwanzo. Ukiunganisha waya na kuacha mwako huo, bado unadanganya watu.

Kama unajenga upya, nenda kwenye OSDP, iliyokuwa kiwango cha kimataifa mwaka 2020 kwa jina la IEC 60839-11-5. Yenyewe hutumia RS-485, na mazungumzo huenda pande zote mbili. Ina amri ya taa yenye hali mbili, ya kudumu na ya muda. Muda huhesabiwa kwa vipande vya milisekunde 100, kwa hiyo sekunde 3 za kijani ni 30. Fanya muda huo ulingane na muda wa kufuli kuwa wazi. Kadi ikikataliwa, nyekundu imete haraka na mlio uwe tofauti. Mlango ukiwa wazi kwa ratiba, kijani kiwe cha kudumu. Lakini OSDP haikuokoi kama utaacha kila kitu kilivyotoka kiwandani.

Tena usitegemee rangi peke yake. Kati ya wanaume wenye asili ya Ulaya ya kaskazini, karibu 1 kati ya 12 hupata shida kutofautisha nyekundu na kijani. Kwetu Afrika ni wachache zaidi, lakini wapo. Asiyeona anahitaji mlio, asiyesikia anahitaji taa. Kifungu cha 54 cha Katiba yetu ya 2010 kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kuyafikia maeneo yote kwa njia ifaayo. Mlango wa ofisi yako ni mojawapo.

Wakubwa, msitie saini kwa kuona mlango umefunguka. Mwambieni fundi alete kadi iliyofutwa kwenye orodha, aigusishe mbele yenu. Ikiwaka kijani hata kwa nukta moja, kazi haijaisha na hela isitoke. Njia ya mwongo ni fupi, na hii inaishia kwenye kadi moja iliyofutwa.