Ukuta Uliolowa Hauponi kwa Simenti

Kila mwaka baada ya mvua huliona jambo moja katika vijiji nipitamo kwa kazi. Mtu akiona ukuta wake umelowa chini, mara humwita fundi aje apake simenti. Simenti ikikauka ukuta wapendeza, na mwenye nyumba afurahi. Msimu wa pili simenti yaanguka vipande vipande, na nyuma yake udongo umekuwa tope. Mimi mwenyewe nilifanya hivyo mara mbili, basi simcheki mtu.

Kosa letu ni kuutibu ukuta kabla ya kutafuta maji yatokako. Ukuta wa udongo hunywa maji ya ardhini, kisha huyatoa polepole kwa upepo. Ukiufunika kwa simenti, maji hayana pa kutokea, nayo hubaki ndani na kupanda juu zaidi. Ukuta kama huo wataka udongo mzuri uliochanganywa na mchanga na mavi ya ng'ombe, au chokaa.

Lakini hata hiyo ni kazi ya mwisho. Kwanza toka nje uzunguke nyumba. Je, udongo wa uani umepanda mpaka umefika juu ya sakafu? Uondoe, mpaka ardhi ya nje iwe chini ya sakafu kwa inchi 6 au zaidi. Chimba mtaro wa kupeleka maji mbali, usiwe wa kuyaleta mlangoni kama niliouona juzi! Kisha tazama paa. Paa la mabati la mita 50 za mraba, ikinyesha mvua ya milimita 20 tu, humwaga lita 1,000. Hayo ni madebe 50 yakimwagwa chini ya ukuta wako kwa siku moja. Mtu mwenye fedha kidogo, kwa maoni yangu, anunue mfereji wa bati wa ukingoni mwa paa kabla ya kununua mfuko hata mmoja wa simenti. Maji hayo yakiingia kwenye pipa, mama hatakwenda mtoni siku hiyo.

Ikiwa hujui kama unyevu watoka ukutani au ni mvuke wa chumbani, bandika kipande cha nailoni ukutani, uzibe kingo zake zote, ukiache siku moja au mbili. Matone yakiwa nyuma ya nailoni, ni maji ya ukuta. Yakiwa upande wa chumba, ni mvuke wa jiko na pumzi za watu, fungua madirisha.

Huenda msomaji akasema, ukuta wangu ukilowa una dhara gani? Dhara ni kwamba wengi wetu huweka mahindi ndani ya nyumba hiyo hiyo, kwa kuogopa wezi. Mwaka 2004, huko Makueni, Kitui na wilaya jirani, watu 317 waliugua kwa kula mahindi yenye sumukuvu, ndiyo aflatoksini, na 125 kati yao wakafa. Waliochunguza waliona kwamba nyumba za wagonjwa wengi ziliweka mahindi ndani, mahali penye unyevu. Sumu hiyo haiishi kwa kupikwa, na mara nyingine haionekani kwa macho. Mahindi yaliyoota kuvu usimpe ng'ombe, kwa kuwa sumu huingia katika maziwa, wala usiyapikie pombe.

Simlaumu mtu anayeogopa wezi. Lakini akiweka magunia ndani, ayapandishe juu ya mbao, futi moja kutoka sakafuni, na mkono uweze kupita kati ya gunia na ukuta. Tena asiyaweke chini ya bati linalotoka jasho asubuhi.

Kabla ya kuyatia guniani, yapime. Chukua chupa kavu, tia mahindi mpaka theluthi yake, ongeza vijiko viwili vitatu vya chumvi kavu, funga, tikisa dakika moja, uiache itulie robo saa. Chumvi ikigandama kwenye kioo, mahindi bado ni mabichi, yana unyevu zaidi ya asilimia 15. Isipogandama, yaanike siku moja zaidi juu ya turubai, wala si juu ya ardhi tupu, kwa sababu yafaa yafike asilimia 13.5.

Mimi niliondoa udongo uliokuwa umeegemea ukuta wangu wa nyuma kwa jembe, kazi ya siku mbili, bila kulipa mtu. Ukuta ulichukua miezi minne kukauka. Ndipo nikaupaka chokaa, nayo ingali pale.